Pikapu kali, JC-120 na fundi aliyekosea vizuri

Nilipomwambia fundi kwamba nataka kubadilisha pikapu, alichungulia nje ya kibanda kama mtu anayetafuta gari. "Umeipaki wapi, kaka?" Nikamfungulia begi la gita: pikapu niliyoisema ni ile ya gita, kidude chenye sumaku na koili ya waya kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Alicheka mpaka akakohoa, akasogeza redio mbili pembeni, akafuta meza kwa kiganja na kuchomeka pasi yake ya kulehemu.

Gita lenyewe ni Yamaha Pacifica 112V, nililinunua likiwa limeshatumika, kwa mpiga solo aliyekuwa anahamia Arusha. Ni gita la kawaida, la kwanza kwa vijana wengi, na wala silionei aibu. Mwili wa mti wa alda, freti 22 (vile vyuma vya kukatiza shingoni), shingo imefungwa kwa skrubu. Lina pikapu tatu: mbili za koili moja, ya shingoni na ya katikati, halafu hambaka, yaani ile ya koili mbili, karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini. Kitufe cha toni ukikivuta juu, hambaka inakatwa nusu, inabaki koili moja tu ikifanya kazi. Mimi Ijumaa napiga dansi, Jumamosi harusi, Jumapili nasindikiza kwaya. Gita moja linanitosha kwa kazi zote tatu.

Amplifaya ninayoizungumzia ni Roland JC-120 iliyoko kwenye ukumbi tunaopigia Sinza. Si yangu, ni ya ukumbi, na kitambaa chake cha mbele kimeshamwagiwa kila kinywaji kinachouzwa kaunta. Modeli hii ilitoka mwaka 1975 na bado inatengenezwa. Haina valvu, zile taa za kioo za zamani, ni transista tupu. Ndani kuna amplifaya mbili za wati 60, kila moja na spika yake ya inchi 12. Uzito wake ni kilo 28 hivi, na ninaujua kwa mgongo wangu, maana kuna harusi moja Tabata tuliipandisha ghorofa ya pili kwa ngazi.

Sasa shida yangu. Tukifika kwenye chemko, mahali ambapo solo ndiyo inayowainua watu vitini, gita langu lilikuwa linapotea. Nilimsikia mpiga ridhimu, nilimsikia mpiga besi, tumba nazo nilizisikia, mimi mwenyewe nikawa kama naigiza. Nikajiambia pikapu za kiwandani hazina nguvu. Nikaagiza hambaka kali ya mtandaoni, ya kampuni ambayo sina haja ya kuitaja, kwa shilingi laki moja na nusu. Muuzaji alinihakikishia kwamba itaamsha wafu. Nilipoipima kwa mita ilisoma kilo-omu 16 na ushei, yaani ukinzani wa waya wake, namba inayopanda kadiri mizunguko inavyokuwa mingi. Ili upate picha, pikapu ya koili moja ya gita la aina ya Stratocaster huwa kwenye 6 hivi, na hambaka za mtindo wa zamani wa Gibson huwa kati ya 7 na 9. Nilikuwa nimenunua jiko la mkaa la kuchemshia yai moja.

Fundi alifunga Alhamisi jioni. Pikapu ya namna hii inatoka na nyaya nne za rangi na moja isiyo na ganda. Rangi hizo ndizo zilizoleta hadithi yote, maana kila mtengenezaji ana zake. Kwa Seymour Duncan, nyeusi ndiyo inayopeleka sauti, nyeupe na nyekundu zinaunganishwa pamoja, na kijani inakwenda kwenye gandi, yaani ardhi. Kwa DiMarzio, inayopeleka sauti ni nyekundu, nyeusi na nyeupe ndizo zinazounganishwa, kijani ni gandi. Pikapu yangu ilifuata rangi za Duncan. Karatasi aliyokuwa nayo fundi kwenye simu ilikuwa ya DiMarzio. Hakuna aliyejua, yeye wala mimi. Gita lilitoa sauti, nikalipa elfu kumi na tano, nikapanda daladala.

Ijumaa usiku, wimbo wa tatu, tukaingia chemko. Solo ilitoka mbele ya bendi kama imechorwa kwa kalamu nyembamba. Kila noti peke yake, yenye mwanzo na mwisho. Mpiga besi wetu, ambaye hasifu kitu ila akifiwa, alinigeukia akainua nyusi. Nilitoka jukwaani nikiisifu pikapu yangu kali kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, na kwa wawili watatu ambao hawakuwa tayari.

Vitu viwili tu vilinisumbua. Kwanza, gita lilikuwa linanguruma chinichini kama friji la jirani, hasa nikisogea karibu na zile taa za rangi. Hambaka hainungurumi hivyo. Hiyo ndiyo sababu yenyewe Seth Lover wa Gibson aliibuni miaka ya 1950: koili mbili zinazopingana, ngurumo ya umeme inayoingia kwenye hii inafutwa na ile. Pili, nikivuta kitufe cha toni hakuna kilichobadilika. Juu, chini, sauti ni ileile.

Jumamosi asubuhi nikachukua mita, nikachomeka waya wa gita, nikapima kwenye ncha ya upande wa pili swichi ikiwa kwenye hambaka na volyumu zote wazi. Nane. Nikapima tena. Nane. Hapo ikanijia. Kwa kufuata rangi zisizo zake, fundi alikuwa amezifunga pamoja ncha mbili za koili ileile moja, nyeusi na nyeupe. Koili hiyo ikawa imejizungushia yenyewe, imelala. Usiku kucha nilikuwa nimepiga nusu ya pikapu.

Mtu mwenye akili angeacha hivyohivyo. Mimi nilirudi kwa fundi. Aliangalia, akajigonga kipaji cha uso, akafumua, akafunga upya bila kunitoza senti. Mita ikasoma kumi na sita. Usiku ule tulikuwa palepale, amplifaya ileile, vitufe sikuvigusa. Tukaingia chemko, solo ikatoka imevaa koti. Nene, nzito, yenye kelele nyingi, na bado haisikiki. Nikaongeza volyumu, nikawafunika waimbaji, kiongozi akanitazama kwa jicho ambalo wapiga gita wote tunalijua. Nikapunguza, nikapotea. Wimbo wa tano nikavuta kitufe cha toni kwa hasira tu, na Ijumaa ikarudi.

Sababu si uchawi. Koili ya pikapu ni waya mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara kuizunguka sumaku. Ukiongeza mizunguko unapata umeme mwingi zaidi, lakini sauti za juu kabisa zinafifia, zile zinazofanya ncha ya noti isikike kama kijiko kimegonga glasi, na za katikati zinavimba. Kwa mpiga roki huo ni utamu, kwa sababu amplifaya yake inazidiwa na umeme huo, inapasuka, na mpasuko ule unarudisha ukali. JC-120 haizidiwi kirahisi. Imetengenezwa ibaki safi. Ukiipa unene inakurudishia unene mkubwa zaidi. Ndani ya bendi ya dansi, pale katikati tayari wamekaa ridhimu, solo ya pili, kinanda na sauti za watu watatu. Kilichokuwa kinanikosesha nafasi hakikuwa udogo wa sauti. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtu.

Basi niseme ninavyoiweka, kwa anayekutana na mashine hii ukumbini. Tumia tundu la LOW kama pikapu yako ni kali, la HIGH kama ni ya koili moja ya kawaida. Swichi ya BRIGHT naizima kabisa kwenye pikapu ya daraja, kwa sababu ikiwaka na koili moja, sauti inaingia sikioni kama sindano. Trebo nne, mido saba, besi tatu. Mpiga besi yupo, mwachie kazi yake. Rivabu, yaani mwangwi, mbili, zaidi ya hapo chemko linageuka supu. Kitufe cha distosheni cha chaneli ya pili siutaki ukali wake. Nikihitaji mpasuko natumia kanyagio la miguuni.

Halafu korasi, ile inayofanya gita moja lisikike kama mawili. Watu wanaijua JC kwa korasi, na ni haki yake. Uzuri wake ni kwamba sauti haichanganyiki ndani ya mashine: spika moja inatoa gita kavu, nyingine inatoa gita linaloyumba kidogo, na mchanganyiko unafanyika hewani, kati ya amplifaya na sikio lako. Ukisimama mbele yake mita tatu unajisikia umeoga. Lakini hapohapo ndipo penye mtego. Kwa miezi kadhaa fundi mitambo wetu alikuwa anaweka maiki moja, kwenye spika moja. Mimi jukwaani nasikia asali, watu mezani wanasikia ama gita kavu ama gita lenye kiungulia, kutegemea ameangukia upande gani usiku huo. Niligundua siku shemeji yangu aliponitumia video aliyorekodi akiwa nyuma ya ukumbi. Tangu hapo maiki ni mbili, moja kila spika, moja inapelekwa kushoto na nyingine kulia kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Kama maiki ni moja tu, zima korasi ya mashine na utumie ya kanyagio.

Nimeijaribu pikapu hii hii kwenye amplifaya nyingine, na hapo ndipo nilipoacha kuitukana. Rafiki yangu wa Mikocheni, anayepiga bluzi na watalii, ana Fender Blues Junior. Ni ndogo, wati 15, valvu mbili za EL84 na spika moja ya inchi 12. Nilichomeka nikiwa na koili zote mbili wazi, volyumu ya kuingilia ya mashine juu, masta, yaani volyumu ya kutokea, chini. Gita likaanza kuimba. Noti inashikwa, inanenepa, inakataa kufa. Nikipunguza volyumu ya gita hadi nne inakuwa safi, nikiifungua inapasuka kwa utaratibu, kama mtu anayepandisha sauti akiongea. Tulikaa hadi saa saba usiku. Lakini ukiniambia niipeleke Sinza nipige nayo chemko juu ya tumba na ngoma, hapana. Wati 15 zile zingeanza kupasuka kabla mpiga ngoma hajapata jasho.

Nyumbani natumia Boss Katana ya wati 50, kwa sababu ina kitufe cha kuishusha hadi nusu wati, na kwa sababu ukuta wangu ni wa jirani pia. Nikiiweka kwenye CLEAN na pikapu imekatwa nusu, inanipa picha nzuri ya kitakachotokea ukumbini, ukiondoa ule upana wa spika mbili. Kwa kijana anayeanza na hana uhakika atapiga muziki gani, ningemwelekeza huko kabla ya kwingine kokote.

Kanisani hakuna amplifaya. Kuna mikisa na nia njema. Ukichomeka gita moja kwa moja kwenye tundu la laini, lile la vyombo kama kinanda, sauti inatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi, na mara moja mwenye kwaya anakwambia "ongeza trebo, mpendwa". Trebo haipo ya kuongezwa, imeshanywewa. Pikapu isiyo na betri inataka kukutana na upinzani mkubwa, kama ule wa kilo-omu 1,000 wa amplifaya nyingi za gita, na tundu la laini mara nyingi lina kama 10 tu. Nilinunua kisanduku cha DI chenye umeme wake, kinachokaa kati ya gita na mikisa ili sauti isinywewe, nakitia kwenye begi la gita pamoja na Biblia, na mwenye kwaya hajarudi kwangu tena.

Kabla hujatumia laki na nusu kama mimi, kuna mambo ya bure. Urefu wa pikapu ndio wa kwanza. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, halafu pima nafasi kati ya uzi na kichwa cha sumaku. Sina geji, natumia kadi za benki. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo mbili ni milimita moja na nusu, tatu ni mbili na robo. Pikapu zangu za koili moja: kadi mbili upande wa uzi mwembamba, tatu kasoro upande wa uzi mnene. Ukizipandisha zaidi ya hapo kwa tamaa ya sauti, sumaku inaanza kuvuta nyuzi, noti za juu zinayumba na hutamaliza kutyuni maisha yako yote. Hambaka kali niliishusha hadi kadi tatu kamili upande mwembamba na nne upande mnene, na nusu ya unene wake uliondoka pale pale kwa bisibisi ya elfu mbili.

La pili ni volyumu zenyewe, zile zilizoko ndani ya gita. Desturi ni kilo-omu 250 kwa koili moja na 500 kwa hambaka, maana namba ikiwa ndogo inakula sauti za juu. Mtu anaweza kuilaumu pikapu mwaka mzima kumbe ni kitu cha elfu tatu cha Kariakoo. La tatu ni waya. Mrefu unafifisha, mfupi unang'arisha. Nina wa mita tatu na wa mita tisa, na kuna usiku nachukua wa mita tisa makusudi, ukumbi ukiwa na kuta za vigae na koili moja inauma.

Nyuzi natumia 10 hadi 46, unene unaohesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa chumvi ya hewa yetu zinadumu majuma matatu, zikizidi hapo zinakuwa na rangi ya chai.

Onyo kwa wanaowinda JC-120 au amplifaya yoyote iliyotumika: soma kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani 120. Ukutani kwetu kuna 230. Nunua na transfoma ya kushushia umeme, na uiandike ndani ya bei wakati unapiga hesabu. Na gandi ya tundu la ukutani iwe gandi kweli. Mdomo wako ukigusa maiki mkono ukiwa kwenye nyuzi, umeme ukakupiga, hapo si mahali pa kuvumilia.

Uamuzi wangu basi. JC-120 kwa dansi, bolingo na kwaya yenye nafasi: nyota tano, mradi uiletee pikapu nyembamba na maiki mbili. Kwa roki nzito isiyo na kanyagio, nyota mbili na huruma. Pacifica 112V, nyota nne, na ile ya tano ningeipa kitufe cha toni kama ningeruhusiwa. Hambaka kali, hapo ndipo inapochekesha. Nilitaka kuirudisha ile ya kiwandani, nikaijaribu ikiwa imekatwa nusu, ikawa nyembamba mno kwa masikio yangu, kama redio ya mbao. Hii kali ikikatwa inabaki na nane zake, nusu iliyoshiba. Kwa hiyo imebaki. Nimelipia koili mbili, natumia moja, na ya pili naiamsha mara moja kwa usiku, kwenye ule wimbo wa polepole wa saa sita ambapo bendi nzima inanyamaza na gita lina ukumbi wote peke yake.

Fundi mitambo ameshajua. Tukiwa tunajaribu vyombo saa mbili, ananiuliza kwa kidole tu: juu au chini?